Miche Niliyovusha Tunduma

Makambako, Jumatano jioni

Mwanangu Faraja, kamwene.

Umekwenda Njombe mjini kumuaga shangazi yako na umesema utarudi na gari la mwisho. Mama yako anapiga pasi nguo zako, anazikunja, halafu anazikunjua na kuanza upya. Mambo ya sweta, dawa na simu ameshakuambia yeye, kwa hiyo mimi hayo sitayagusa. Nimechukua daftari lako la zamani lililobaki kurasa nyeupe nyuma, nimekaa mezani. Mgongo hauniruhusu kukaa sana. Nitaandika, nitasimama kidogo, nitaandika tena. Usishangae mwandiko ukibadilika.

Wiki mbili zilizopita ulikuja na barua ya kazi ukanisomea hapa hapa sebuleni. Kwamba utakuwa afisa wa kuendeleza vikundi, usaidie wenye vitalu na wakulima wadogo wakue, wajue kuuza ng'ambo ya mpaka. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Kisha ukasema, "Baba, kituo changu ni upande wa Nakonde. Si ndiko ulikokuwa unauza miche zamani? Huenda wakakukumbuka." Nikanyanyuka, nikaenda kumwagilia miche. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile. Uliona.

Wananikumbuka, Faraja. Ndiyo maana naandika.

Habari za kitalu changu unazijua, maana namsimulia kila mgeni anayekaa kwenye kiti hiki. Ila siku zote nasimulia nusu. Nilikuwa mpakia mbao. Siku moja tulikwenda Lupembe kuchukua mzigo, gari likachelewa, nikaomba maji kwa mama mmoja mwenye shamba la chai. Huyo ndiye Mama Mwalongo, ambaye wewe unamkumbuka kwa ndizi alizokuwa anakupa. Pembeni ya chai yake alikuwa na miparachichi ya Hass, aina ya kisasa inayotafutwa na wanunuzi wa nje, na alikuwa anabebesha miche: anakata kikonyo cha mti wake mzuri na kukiunga juu ya mche wa kienyeji, ili ukikua uzae tunda la ule mti mzuri. Sijawahi kuona kazi tulivu namna ile. Nikarudi tena, na tena, mpaka akanipa kisu chake nijaribu. Alinishika mkono akasema, "Usikate kama mtu mwenye hasira." Basi nikajifunza.

Viriba vyangu vya kwanza, vile vifuko vya kuoteshea miche, vilikuwa arobaini, mbele ya nyumba, vinaonekana barabarani. Mama yako alifunga nailoni kwenye kila kiungo, mimi nikikata yeye anafunga, na wewe ulikuwa unahesabu kwa sauti na kuruka sita.

Mwaka uliofuata lori la mfanyabiashara wa maharage liliharibika hapa Makambako. Mwenye mzigo alikuwa mtu wa Nakonde, kule Zambia, anaitwa Bwana Simfukwe. Alikaa siku mbili akisubiri kipuri, na kwa kukosa la kufanya akawa anakuja kututazama tukibebesha. Mtu mpole, anayeuliza swali moja na kusubiri jibu mpaka liishe. Alinunua miche ishirini akaondoka nayo. Baada ya mwaka akarudi, akaniambia ipo hai yote isipokuwa mmoja uliokanyagwa na ng'ombe, na kwamba majirani zake wanaiulizia.

Hapo ndipo jina langu lilipoanza kukua kuliko kitalu. Kulikuwa na mradi Njombe wa kusaidia wafanyabiashara wadogo. Walikuwa watu wazuri. Walinifundisha vibali vya kuvusha mimea, namna ya kuandika mkataba, namna ya kuzungumza na mteja wa nje. Bila wao nisingefika popote. Waliniita ukumbini nisimame mbele ya wenzangu kama mfano wa mjasiriamali mdogo aliyevuka mpaka. Nilinunua koti kwa ajili ya siku ile. Kila walipokuja kunitembelea waliniuliza, "Baba Faraja, mwaka huu umeongeza kiasi gani?" Nami nikazoea kuwa na jibu.

Ulipokuwa darasa la nne, Simfukwe alikuja na oda ya vijiji vyote vya kwao. Miche elfu mbili, ivuke mpaka pale Tunduma mvua zikianza. Nilimwambia itakuwepo. Nilisema kabla hajamaliza sentensi.

Miche ya kienyeji ya kubebeshea nilikuwa nayo ya kutosha. Nilichokosa ni vikonyo. Nilikwenda Lupembe, Mama Mwalongo akazunguka miti yake mmoja mmoja, akanipa vilivyotosha kama nusu. Nikamwomba aongeze. Akasema, "Miti imechoka, Baba Faraja. Nikikata zaidi haitazaa. Mwambie mtu wako achukue nusu mwaka huu, nusu mwakani. Akikuheshimu atasubiri." Nikasema ndiyo, mama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria koti na ukumbi, na Simfukwe akisimamisha lori lake mbele ya kitalu cha mtu mwingine.

Nyuma ya ukuta wa jirani yetu palikuwa na mparachichi mkubwa wa kienyeji, ule uliokuwa unaangusha matunda ya majimaji hata nguruwe wanayaacha. Alhamisi moja mama yako alipokwenda kwenye ibada ya akina mama, nilipanda juu na kisu.

Aliporudi alikuta vikonyo kwenye beseni. Akaviangalia, akauliza, "Hivi vimetoka Lupembe?" Nikasema ndiyo. Akakaa, akaanza kufunga nailoni kama kawaida. Kwa hiyo nilimfanya mama yako anisaidie kudanganya watu bila yeye kujua, na kwa mikono yake mwenyewe. Katika yote, hilo ndilo linalonichosha zaidi nikilikumbuka, kwa sababu hajawahi kulitaja.

Mche uliobebeshwa kikonyo kibaya hauna tofauti ya kuonekana. Majani ni mazuri, kiungo kimeshika, mkulima anautazama anafurahi. Pale mpakani mkaguzi alikagua vizuri kabisa, alitafuta wadudu na ugonjwa, akapiga mhuri. Aina ya tunda hakuna jicho linaloweza kuikagua kwenye mche. Itajulikana miaka mitatu mbele, minne pengine, na wakati huo mtu wa Nakonde atakuwa Nakonde na mimi nitakuwa Makambako. Sikujiambia hivyo kwa maneno, ila nilijua. Kama mteja angekuwa jirani yangu wa hapa mtaani, ninayekutana naye kanisani kila Jumapili, nisingethubutu. Umbali ndio ulionipa ujasiri. Utawasikia watu wakisema soko la nje ni kubwa. Ni kubwa, na mtu anaweza kujificha ndani yake kwa muda mrefu.

Nikafanya na jambo jingine, ambalo wakati ule niliona ni huruma. Nilichanganya miche. Mizuri na mibaya pamoja, kwenye kila kundi, ili asiwepo mkulima mmoja wa kuangukiwa na mibaya yote. Kumbe nilihakikisha hakuna hata mmoja anayeepuka, na hakuna anayejua mti upi wa kuutunza na upi wa kung'oa.

Unaikumbuka miaka ile iliyofuata. Tulipaka nyumba rangi, ukaanza kusoma ile shule ya bweni. Ulikuwa unawaambia wenzako baba yako anauza nje ya nchi. Nilikuwa nakusikia ukisema, nanyamaza.

Simfukwe alirudi ulipokuwa kidato cha kwanza. Hakuja na lori. Alikuja kwa basi, amevaa shati la kwenda kanisani, na begi mkononi. Alikaa hapo mama yako anapopigia pasi sasa hivi. Akafungua begi akaweka matunda mezani, moja moja, kwa safu mbili. Safu moja ngozi nyeusi yenye vipele, Hass kama inavyotakiwa. Safu ya pili marefu, kijani, laini. Niliyatambua kama mtu anavyotambua nguo yake.

Alieleza bila kupandisha sauti. Mnunuzi mwenye gari la baridi, la kubebea matunda yasiharibike, alikuwa amekubali kuja mpaka vijijini kwao, mara ya kwanza mtu kama huyo kufika kule. Watu walikuwa wamepanda kwa ajili ya siku hiyo. Walipochuma na kuchambua, yaliyofaa hayakufika nusu. Gari lisilojaa halilipi safari, mnunuzi akawaambia samahani, akaenda wilaya nyingine. Hakuahidi kurudi.

"Sijaja kugombana," Simfukwe akasema. "Nimetumwa kuuliza. Wewe ndiye fundi. Ni nini kimetokea?"

Nilikuwa na nafasi, Faraja. Mtu amesafiri siku nzima amekaa mbele yangu, ananiuliza kwa adabu. Na mimi nikamjibu, "Labda ni udongo wa kwenu."

Alinitazama. Akayaangalia matunda, akaanza kuyarudisha kwenye begi, moja moja vile vile. Akasema, "Basi, Baba Faraja. Nitawaambia ni udongo." Akanywa chai yake mpaka mwisho, akamshukuru mama yako, akaenda stendi.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alisubiri mpaka mgeni atoke getini. Akasema, "Udongo haubadilishi tunda," akaingia jikoni. Tuliishi hivyo majuma matatu, tukizungumza habari za chumvi na kuni tu.

 Nilikuwa namfikiria Simfukwe akienda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wake kwamba ardhi yao ni mbaya. Watu waliozaliwa kwenye ardhi ile. Wengine wangemwamini, wangeacha kabisa kupanda chochote cha maana, kwa sababu fundi wa Tanzania amesema. Kuwauzia miche mibaya ni kosa moja. Hili la udongo liliniogopesha kuliko lile la kwanza.

Nikapanda gari kwenda Lupembe. Nilimweleza Mama Mwalongo yote, nimesimama uani, hakunikaribisha kukaa. Aliendelea kuchambua mboga. Nikamwambia mti mkubwa unaweza kukatwa na kubebeshwa upya, nataka vikonyo, safari hii nitakwenda navyo mwenyewe. Akasema, "Machipukizi yatakuwa tayari mwisho wa mwezi. Nitakukatia Ijumaa ya mwisho. Ukichelewa siku mbili vinakufa. Na ukifika uwaambie vimetoka kwa nani, maana vile vya kwanza nilivyokupa umevichafua."

Ijumaa ya mwisho. Jumapili yake ilikuwa kipaimara chako.

Sasa umejua. Miaka kumi umeamini niliiacha siku yako kwa ajili ya biashara, kwa sababu ndivyo nilivyokuambia: kuna mzigo Tunduma hauwezi kusubiri. Ulikuwa umeshonewa gauni jeupe. Ulisimama mlangoni umelivaa ili nilione kabla sijaondoka, na mimi nilikuwa nafunga vikonyo kwenye magazeti mabichi na majani ya mgomba, nikasema "limekupendeza" bila kuinua macho. Kwenye picha upo na mama yako na shangazi. Niliporudi uliniamkia kama unavyomwamkia mwalimu, na uliendelea hivyo mpaka ulipomaliza kidato cha nne. Sikukulaumu. Ningeweza kukuambia ukweli, lakini ungelazimika kujua na yale mengine, na nikaona ni afadhali unione baba asiyejali kuliko baba mwizi. Hayo yalikuwa maamuzi mabaya juu ya maamuzi mabaya. Vikonyo visingeweza kungoja, hilo ni kweli. Lakini wewe ungeweza kuambiwa.

Simfukwe alinipokea stendi ya Nakonde. Nilimwambia pale pale, kabla hatujapanda baiskeli, kwamba nilijua tangu mwanzo na kwamba udongo wao hauna kosa. Akasema, "Nilijua ulipoyaangalia matunda. Nilikuwa nangoja uniambie." Kisha akasema hatazungumza kwa niaba yangu, nitazungumza mwenyewe.

Aliita watu kwenye uwanja wa shule. Nilisimama. Kiswahili wanakisikia vizuri, hakukuwa na mkalimani wa kunipumzisha. Nilisema nilichofanya, jinsi nilivyochanganya, na kwamba nimekuja kukata na kubebesha upya bila malipo kwa atakayekubali. Wengine waliondoka nikiwa bado nasema. Mzee mmoja alitema mate chini, si mbali na miguu yangu. Wengi walikaa tu.

Kulikuwa na mjane, Mama Chola, aliyepata mibaya mingi kuliko wote kwa bahati mbaya. Yeye alikuwa ameshaing'oa yote, mibaya na mizuri, kwa uchungu, na kupanda mahindi. Kwake hapakuwa na cha kubebesha. Nilikwenda hata hivyo. Aliniuliza kitu kimoja, "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akarudi kwenye palizi yake. Nilisimama pembeni ya shamba, kisha nikachukua jembe lililokuwa limelala pale nikalima mstari uliofuata. Hakunifukuza, hakunishukuru. Jioni akachukua jembe lake akaingia ndani.

Nilikaa wiki sita kwa Simfukwe. Mti wa miaka mitatu unaukata kwa msumeno, unapasua kisiki, unaunga vikonyo, unafunga, unakinga jua. Siku nzima umeinama. Mgongo huu niliuacha kule, si kwenye mbao kama ninavyowaambia watu. Vikonyo vya Mama Mwalongo vilipokwisha, tulikata vingine kwenye miti yao wenyewe iliyotoka mizuri. Nikawafundisha vijana na akina mama kukata, kufunga, kuandika kwenye kibao kila kikonyo kimetoka mti gani. Mingine ilishika, mingine ilikauka. Yule mzee aliyetema mate alikuja wiki ya nne akasema mkewe amemtuma. Ikaniuma zaidi kuliko mate.

Niliporudi nilikwenda kwa wale watu wa mradi nikawaambia wasinitaje tena kama mfano. Waliuliza sababu, nikasema mgongo. Unaona, hata baada ya hayo yote niliendelea kusema uongo mdogo mdogo. Kitalu nikakipunguza mpaka hiki unachokiona, kinachotosha vikonyo ninavyoweza kuvipata kwa haki. Watu wa Makambako wanasema nimeshindwa biashara. Waache. Nimechoka kuwaeleza.

Sikuandikii haya ili uogope kazi. Kazi ni nzuri, na wewe una kichwa kuliko mimi. Ila utakaa na mama mwenye viriba mia mbili, na ofisini kwako watakuwa wamekupa fomu yenye nafasi ya kujaza ameongeza vingapi. Ijaze, ndiyo kazi. Lakini kabla hujatoa kalamu, kaa naye kwanza. Natamani mtu angekaa na mimi akaniuliza, "Baba Faraja, wakikuletea oda usiyoiweza, utamwambia nini mteja?" Sijui ningejibu nini. Labda ningedanganya. Lakini ningekuwa nimeulizwa.

Na ukikosea, maana utakosea, usingoje mtu apande basi kuja kwako.

Leo mchana nimempigia Simfukwe. Tumekuwa tukipigiana mara moja moja, kuulizana mvua. Nimemwambia binti yangu anakuja kufanya kazi huko, asimfiche kitu.  Akasema gari la baridi linakuja siku hizi, halijai, ila linakuja. Mama Chola amepanda tena, miche ya kitalu cha pale pale kijijini, anayekiendesha ni mmoja wa wale niliowafundisha. Akasema, "Mwambie afikie kwangu kwanza. Wapo watakaomsema vibaya kwa ajili yako. Lakini afikie kwangu."

Nilitaka kuiweka barua hii ndani ya begi lako uikute ukishafika. Mama yako ameniuliza naandika nini, nimemwambia. Akasema, "Na akiisoma huko, hasira zake atamtolea nani?" Ana haki. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia sasa hivi. Sina haraka. Isome hapa mezani mpaka mwisho. Mimi nitakuwa nimekaa jikoni na mama yako. Ukimaliza njoo, useme lolote utakaloona uniambie. Nitakaa nisikilize, na safari hii nitakuinulia macho.

Baba yako